Ngozi Haijui Bei

Ngozi ni uwekezaji. Kauli hii utaisikia kwa muuza vipodozi wa Instagram, kwa mpambaji wa maharusi, kwa dada wa saluni anayekuosha nywele, na siku hizi hata kwa shangazi anayempa mwali nasaha kwenye kicheni pati. Maana yake ni kwamba anayetaka uso uliotulia lazima atoe pesa ya maana, na anayetafuta nafuu anatafuta madoa. Binti akiuliza dukani kama ipo ya bei ya chini, huonekana hajipendi. Kauli imezoeleka kiasi kwamba wengi wameacha kuihoji, na wanaoumia nayo zaidi ni wenye mishahara midogo, wanaojinyima ili wanunue kopo moja la gramu 50.

Naipinga kauli hiyo kuanzia mzizi wake. Bei ya kipodozi haikuambii kitakachotokea kwenye ngozi yako. Haikuambii kama ni salama, wala haikuambii kama kinafanya kazi. Kinachoweza kukuambia ni maandishi madogo nyuma ya kopo, na mwanamke anayebana pesa yake kwa kusoma maandishi hayo hajinyimi kitu. Mara nyingi ngozi yake huwa salama kuliko ya yule aliyelipa laki tatu kwa kuamini jina.

Tuanze na kilichomo. Chukua krimu yoyote ya uso, ya elfu nne au ya laki mbili, uigeuze usome orodha ya viambato. Kwa kanuni inayofuatwa Ulaya, Marekani na kwingineko, viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Vilivyo chini ya asilimia 1 tu ndivyo vinavyoruhusiwa kupangwa vyovyote mwishoni. Cha kwanza, karibu kila mara, ni maji. Hufuata gliserini, ambayo kazi yake ni kuvuta unyevu na kuushika kwenye ngozi. Hufuata mafuta ya aina moja au mbili, kisha kiunganishi kinachofanya maji na mafuta yasitengane, kisha kihifadhi cha kuzuia ukungu na bakteria, na mwisho manukato. Huo ndio mwili wa krimu. Kile kilichoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya kopo, lulu, dhahabu, dondoo ya ua la mlima fulani, mara nyingi utakikuta mkiani, jirani na manukato, mahali ambapo kiasi chake hakifiki hata asilimia 1. Umelipia mkia.

Gliserini yenyewe inauzwa duka la dawa, na mama zetu waliijua kabla hatujazaliwa. Mafuta ya mgando ni hadithi ya zamani zaidi: Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872, kwa jina la Vaseline, na hadi leo wataalamu wa ngozi wanapotafuta kitu cha kuzuia maji yasitoroke kwenye ngozi kavu, iliyochanika au yenye ukurutu, bado ndiyo wanayoyataja kwanza. Miaka zaidi ya 150 ya sayansi na matangazo, na kopo la bei ya chini kabisa kwenye rafu halijapata wa kulishinda katika kazi yake. Mafuta hayo ni mazito, kweli, na mwenye uso wa mafuta na chunusi atayaona hayamfai kwa joto la Dar es Salaam. Huyo atatafuta losheni nyepesi yenye gliserini. Lakini katika uchaguzi huo anachotafuta ni wepesi. Bei haimo.

Watetezi wa bei hujibu kwamba kampuni kubwa zina maabara, na maabara zina gharama. Maabara wanazo, hilo halina ubishi. Lakini tuulizane ni za nani. L'Oréal ya Ufaransa, iliyoanzishwa na Eugène Schueller mwaka 1909, inamiliki Lancôme tangu 1964 na Maybelline tangu 1996. Garnier ni yake, CeraVe ni yake. Estée Lauder ya Marekani ina Clinique, ina MAC, ina La Mer. Nyumba moja inauza kopo la tajiri na kopo la mwanafunzi, na ujuzi unaopatikana upande mmoja haufungiwi mlango wa kwenda upande wa pili. Huku kwetu nako, mwaka 2013 L'Oréal ilinunua nchini Kenya biashara ya vipodozi ya Interconsumer Products, watengenezaji wa Nice & Lovely, losheni ya watu wa kawaida kabisa. Kampuni yenye Lancôme haikuona aibu kuiweka losheni hiyo chini ya paa lake. Kwa nini mnunuzi aone aibu kuipaka?

Tofauti ya bei, basi, imejengwa na nini? Kopo zito la kioo, boksi lenye kufungwa kwa sumaku, sura ya mwigizaji kwenye bango, kaunta ya uwanja wa ndege, kamisheni ya muuzaji, ushuru wa forodha, na mikono miwili mitatu ya kati kabla bidhaa haijakufikia Mwenge, Dar es Salaam, au Westlands, Nairobi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopenya ngozi.

Sisemi kwamba makopo yote ni sawa, na nisingependa msomaji atoke hapa na imani hiyo. Vitamini C, kwa mfano, huharibika ikikutana na hewa na mwanga, kwa hiyo kuitengeneza ikae vizuri na kuitilia chupa inayofaa ni kazi yenye gharama. Krimu nyingine huteleza vizuri, nyingine hunata. Anayependa harufu ya krimu yake na uwezo anao, ainunue. Starehe nayo ina haki yake. Ila ajue analipia harufu, na ajue pia kwamba manukato ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mzio wa ngozi unaoletwa na vipodozi. Losheni isiyo na harufu ya duka la dawa, ile ambayo hakuna anayeipiga picha, ndiyo daktari wa ngozi humwanzishia mgonjwa anayewashwa. Na kwa chunusi, dawa zilizothibitika kama benzoili peroksaidi na adapalini hazina tena hataza ya mtu mmoja; zinatengenezwa na viwanda vingi, kwenye tyubu zisizo na urembo wowote. Msichana mwenye chunusi anayeambiwa anunue seti ya hatua saba anauziwa safari ndefu ya kuizunguka tyubu moja. Ngozi yake ingeweza kupona, na nauli ya kwenda chuo ingebaki mfukoni.

Sasa nije kwenye hoja yao yenye nguvu, kwa sababu ipo, na ndiyo inayowafunga watu midomo. Wanasema: vya bei rahisi vina sumu. Tumewaona wanawake wenye mashavu mekundu yenye mishipa iliyochomoza, wenye vifundo vya vidole vyeusi na uso mweupe, wenye michirizi kwenye mapaja isiyotokana na uzazi. Nani baada ya kuona hayo atamwambia binti yake atafute nafuu?

Hofu hiyo ni ya haki, na sumu ni ya kweli. Zebaki huzuia kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza melanini, kwa hiyo ngozi hung'aa kwa muda. Huku nyuma zebaki inaingia mwilini na kwenda kwenye figo. Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba madhara makubwa ya zebaki iliyomo kwenye sabuni na krimu za kung'arisha ni kuharibika kwa figo. Wala haibaki kwa aliyejipaka. Taulo linaibeba, shuka linaibeba, mtoto anayelala kifuani kwa mama yake anaipata. Haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kung'arisha ngozi, nayo ina historia yake. Mwaka 1975 mtaalamu wa ngozi wa Afrika Kusini, G. H. Findlay, pamoja na wenzake, alieleza madoa ya rangi ya buluu na weusi yaliyowapata wanawake waliotumia krimu zenye kemikali hiyo kwa muda mrefu, yaani ngozi kuwa nyeusi kuliko ilivyoanza, tena kwa namna ngumu mno kutibika. Nchi hiyo iliipiga marufuku kwenye vipodozi mwaka 1990. Kundi la tatu ni steroidi kali kama klobetasoli, dawa halali ya hospitali inayopakwa kwa muda mfupi kwa maelekezo, ambayo mitaani imegeuzwa losheni ya kila siku. Huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikaota chunusi, ikachanika michirizi, na ukiiacha ghafla inawaka.

Lakini sumu hizo zinaingizwa kwa sababu gani? Zinaingizwa ili kutimiza ahadi ya weupe. Kiwanda kinachotengeneza losheni ya kulainisha miguu hakina sababu ya kununua zebaki. Anayeahidi rangi mpya ndani ya siku saba ndiye anayeihitaji, na ahadi hiyo inauzwa kwa kila bei. Mkorogo wa kujichubua wa zamani ulipimwa kwenye vikopo vya plastiki sokoni kwa pesa kidogo. Wa siku hizi unauzwa pia kwenye seti yenye kifuniko cha rangi ya dhahabu, sabuni, mafuta, seramu na krimu ya usiku, kwa laki mbili au zaidi, hauna orodha ya viambato, hauna jina la kiwanda, una jina la mtu na picha yake kabla na baada. Mwanamke anayeikimbia sumu kwa kupanda bei anaweza kuifuata hukohuko juu.

Sheria zenyewe zinalijua hili. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa Japani mwaka 2013 na kupewa jina la mji ambao watu wake waliathirika kwa zebaki ya kiwanda, uliweka kikomo cha sehemu 1 kwa milioni kwenye vipodozi. Novemba 2023, jijini Geneva, nchi wanachama zilikubaliana kukiondoa hata kikomo hicho: kipodozi chochote kilichotiwa zebaki kiondolewe ifikapo 2025. Tanzania ilihamisha usimamizi wa vipodozi kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019, na makopo yanayoteketezwa katika misako hutajwa kwa sababu ya viambato sumu. Rwanda, mwishoni mwa 2018 na kuingia 2019, ilipeleka polisi na wakaguzi madukani kuondoa krimu za kuchubua. Wakaguzi husoma viambato. Hakuna anayekamata kopo kwa sababu ni rahisi.

Na kuna jambo ambalo wahubiri wa bei hawalitaji kabisa. Feki hufuata bei. Anayetengeneza kipodozi bandia anatafuta faida, na faida kubwa iko kwenye jina kubwa: lipstiki inayouzwa ghali Ulaya, paleti ya rangi za macho ambayo kila mpambaji anaitaka, manukato ya Paris. Ndiyo maana majina hayo unayakuta Kariakoo, Dar es Salaam, na kwenye vichochoro vya River Road, Nairobi, kwa robo ya bei yake, yakiwa yamefungwa vizuri kabisa. Mwanamke aliyeambiwa kwamba jina ndilo usalama atalitafuta jina hilo popote linapopatikana, na kwa kuwa bei halisi haimudu, ataangukia palepale mghushi alipomtegea. Kiu ya jina ndiyo iliyomfikisha hapo. Angelikuwa ameambiwa mapema kwamba losheni ya kawaida, yenye nembo ya TBS au ya shirika la viwango la Kenya, KEBS, anwani ya kiwanda na tarehe ya mwisho wa matumizi, inatosha, asingelikuwa na haja ya kumfikia mghushi huyo.

Kuhusu mkorogo niongeze moja la pesa, maana huwa tunauzungumzia kama suala la afya na maadili peke yake. Kujichubua ni matumizi yasiyo na mwisho. Rangi inayotolewa kwa kemikali hurudi unapoacha, kwa sababu chembe zinazotengeneza melanini bado zipo na zinafanya kazi yake. Kwa hiyo hakuna kopo la mwisho. Kuna kopo la mwezi huu na la mwezi ujao, kisha krimu ya kuficha madoa yaliyoletwa na krimu, kisha fandesheni nzito zaidi, kisha daktari. Hakuna bajeti ya vipodozi inayoweza kuokolewa ikiwa kitu hiki kimo ndani yake. Nasema haya bila kumdharau yeyote anayejichubua. Ameishi katika mji ambao mabango, video za muziki na hata waoaji wamekuwa wakimwambia tangu utotoni kwamba rangi yake ina kasoro. Lakini wanaomwambia hivyo hawamlipii makopo.

Upande wa pili wa barabara wapo wenzetu wanaosema achana na madukani kabisa, rudi jikoni: limau, magadi, dawa ya meno kwenye chunusi. Hawa nao wanapima kwa bei. Kwao kisicho na gharama ni salama, kama vile kwa wale chenye gharama ndicho salama. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH ya 4.5 hadi 5.5 hivi. Maji ya limau yako chini kabisa, karibu na 2. Magadi ya kuokea yakichanganywa na maji hupanda juu ya 8. Unaipiga ngozi kutoka kusini halafu kutoka kaskazini. Tena limau na ndimu zina kemikali ambazo zikikutana na jua kwenye ngozi zinaweza kuiunguza na kuacha alama nyeusi za wiki nyingi. Huo si ubanaji wa pesa.

Hata urithi wetu wa pwani, ambao naupenda na kuutetea, hauwezi kuokolewa na sifa ya uasili pekee. Liwa iliyosagwa juu ya jiwe, asmini, marashi ya waridi, singo ya mwali kule Unguja: hivi ni vipodozi vyema, vina harufu ya nyumbani, na vingi ni rahisi kuliko seti yoyote ya dukani. Hina safi nayo haina neno. Lakini piko, ule unga mweusi wa kutia nywele rangi ambao wapambaji wa Mombasa, Lamu na Unguja huuchora mikononi mwa bibi harusi kando ya hina, una parafenilinidiamini, kemikali inayoweza kuleta malengelenge na kovu lenye umbo lilelile la ua lililochorwa. Aliyewahi kuathirika anaweza kuathirika tena kwa rangi ya nywele miaka mingi baadaye. Na baadhi ya wanja wa jiwe unasagwa kutoka madini ya risasi, nao tunawapaka watoto wachanga. Vyote viwili ni vya bei ndogo, vyote viwili ni vya asili yetu. Swali linabaki lilelile: kina nini ndani?

Iko sehemu moja ambapo nakubali kwamba mwanamke mweusi amelazimishwa kulipa zaidi, na inaniudhi kwamba wanaohubiri uwekezaji hawaioni. Ni fandesheni. Kwa miongo mingi viwanda vikubwa vilitengeneza rangi nyingi za weupe na moja au mbili za weusi, halafu vikamwacha mwenye ngozi ya kati au nyeusi kabisa anunue chupa mbili achanganye mwenyewe. Iman Abdulmajid, mwanamitindo Msomali aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kwenda New York mwaka 1975, ameeleza jinsi mpambaji alivyomuuliza kama amekuja na fandesheni yake mwenyewe, maana hawakuwa na inayomfaa. Akajifunza kuchanganya ya kwake, na mwaka 1994 akaanzisha kampuni yake. Kabla yake, mwaka 1973, Eunice Johnson na mumewe walianzisha kampuni ya vipodozi ya Fashion Fair jijini Chicago baada ya kuwaona wanamitindo weusi wakifanya kazi hiyohiyo ya kuchanganya. Ilipofika 2017 Fenty Beauty ya Rihanna ikazinduliwa na rangi 40, na ghafla wengine wote wakagundua kwamba inawezekana. Mwaka 2022 ikaanza kuuzwa rasmi katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo.

Hapo nitamshauri mtu atoe pesa ikibidi, kwa sababu fandesheni isiyo rangi yako ni pesa iliyokufa hata ikiwa ya elfu tano. Lakini hata hapo, kinachonunuliwa ni ulinganifu wa rangi. Jipake kidogo kwenye taya, toka nje ya duka ujitazame kwenye mwanga wa mchana, subiri ikauke. Ikiwa ya bei ndogo imelingana, mjadala umekwisha. Ikiwa ya bei kubwa imekufanya uwe wa kijivu, irudishe kwenye rafu hata kama muuzaji anakuapia kwamba itazoea.

Jua nalo lina somo lake. Kinga ya losheni ya kuzuia jua hupimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi, kiasi kikubwa kuliko tunachopaka wengi wetu. Mtu aliyenunua chupa ya laki moja huipaka kwa woga, tone moja uso mzima, ili isiishe. Aliyenunua ya kawaida, yenye kinga ileile iliyoandikwa, huipaka kwa ukarimu. Wa pili ndiye aliyekingwa. Ughali wenyewe umemharibia wa kwanza kile alichokilipia. Na kwa wale ambao jua kwao ni suala la uhai, ndugu zetu wenye ualbino, losheni muhimu kuliko zote inatengenezwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC. Inaitwa Kilisun, na wanaoihitaji hupewa bure. Haina bango wala balozi wa mitandaoni. Huwakinga watu dhidi ya saratani ya ngozi. Iweke hiyo kwenye mizani pamoja na seramu ya dhahabu, halafu uniambie tena kuhusu bei na thamani.

Wapo pia wanaume, na baadhi ya wanawake, wanaofurahia makala kama hii kwa sababu mbaya. Wanataka kusikia kwamba vipodozi ni upuuzi na wanawake wapunguze. Sijaandika kwa ajili yao. Bajeti ya Tanzania ya mwaka 2019 iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa nywele za bandia zinazoagizwa nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini, na kicheko kilichofuata mitaani kilikuwa cha watu wanaodhani mwanamke hujipamba kwa kukosa la kufanya. Mhudumu wa kaunta ya benki, mwalimu mgeni shuleni, mtangazaji, bibi harusi mbele ya ndugu wa mume: hawa hupimwa kwa sura zao kabla hawajafungua mdomo, na wanajua. Kuwaambia waache ni kuwaambia walipe kwa njia nyingine. Ninachodai ni kwamba pesa yao iheshimiwe.

Na kuiheshimu ni kuanza na hesabu. Tuseme seramu ya mililita 30 inauzwa shilingi 90,000. Hiyo ni shilingi 3,000 kwa kila mililita. Losheni ya mililita 400 kwa shilingi 12,000 ni shilingi 30 kwa mililita. Mara 100. Muuzaji na aeleze basi ni kiambato gani kinachostahili tofauti hiyo, na kimo kwa kiasi gani. Akishindwa, amekwisha kujibu. Halafu tazama alama ndogo ya kopo lililofunguliwa yenye namba ndani, 6M au 12M: ni miezi ambayo bidhaa inafaa baada ya kufunguliwa. Maskara kwa kawaida hushauriwa iachwe baada ya miezi mitatu hivi, maana brashi huingiza vijidudu kila siku. Pesa nyingi huvuja hapo, kwenye lipstiki tano zilizonunuliwa kwa ofa, paleti ya rangi 48 inayotumika rangi tatu, tona ambayo hakuna anayeweza kueleza kazi yake. Sabuni laini, kilainishi, kinga ya jua, na dawa ya tatizo ulilonalo kweli, ikiwa unalo. Baada ya hapo rangi za kujipamba, chache, zinazokukubali. Wapambaji wazuri ninaowajua hufanya maajabu kwa mkoba mdogo. Ustadi wao uko mikononi.

Wauzaji wa mitandaoni wana desturi ya kuandika chini ya picha: bei njoo inboksi. Huko inboksi mtu anaweza kutajiwa bei kulingana na picha yake ya wasifu. Orodha ya viambato haitajwi wala haiombwi. Kama kweli ngozi ni uwekezaji, basi hakuna mwekezaji anayeweka pesa mahali ambapo hapewi hata karatasi moja ya kusoma. Wekeni bei hadharani. Wekeni viambato hadharani, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo bibi anaweza kuzisoma bila kumwita mjukuu. Na yeyote anayeona nimekosea alete makopo mawili, la ghali na la rahisi, tuyageuze yote mawili mezani, anionyeshe kwa kidole mstari ambao niulipie.